Somo la Afya: Kumsaidia Mwenye Ugonjwa wa Parkinson Asianguke



Katika somo hili twataka kujifunza pamoja juu ya ndugu zetu wenye ugonjwa wa Parkinson, na hasa juu ya jambo moja linalowatesa kuliko watu wanavyodhani, yaani kupotewa na mizani ya mwili. Watu wengi wakisikia habari za ugonjwa huu hufikiri juu ya mkono unaotetemeka. Lakini mkono unaotetemeka haumvunji mtu nyonga. Kinachomvunja nyonga ni kuanguka, naye akiisha kuanguka mara mbili tatu, hofu humfunga ndani ya nyumba kuliko ugonjwa wenyewe.

Kusudi la somo letu ni mambo manne: kwanza, kujua ugonjwa huu ni nini, pili, kufahamu kwa nini humwondolea mtu mizani, tatu, kujifunza mazoezi ya viungo yanayoweza kumsaidia, nne, kuona yatupasa kufanya nini sisi jamaa na majirani zake. Tafadhali msome polepole, na ikiwezekana msome mkiwa wawili, maana mengine ni ya kutendwa, si ya kusomwa tu.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Jina la ugonjwa huu latokana na mganga Mwingereza, James Parkinson, aliyefanya kazi katika mtaa wa Hoxton, London. Mwaka 1817 alichapisha kitabu kidogo akieleza habari za watu sita tu. Baadhi yao hakuwapima hata kidogo. Aliwaona wakipita barabarani, akatazama jinsi walivyoinama na jinsi walivyotembea. Wasomaji wetu huenda wakapenda kujua kwamba mtu huyu alibatizwa, akaoa, na akazikwa katika kanisa la Kianglikana la St Leonard, Shoreditch. Alikufa mwaka 1824, na miaka mingi baadaye daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyependekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina lake. Somo la kwanza twalipata hapo hapo: macho yenye kuangalia kwa makini, hata njiani, yaweza kugundua jambo ambalo wengine hupita wakilitazama bila kuliona.

Ndani kabisa ya ubongo pana sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe za sehemu hiyo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, nacho husaidia ubongo kuamuru viungo viende kwa wepesi na kwa utaratibu. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo, na dopamini hupungua. Hapo mtu huanza kuwa mzito wa kutenda, mwili hukakamaa, na mara nyingi mkono mmoja hutetemeka anapokuwa ametulia. Mwandiko wake huwa mdogo, sauti hufifia, uso hukosa kuonyesha furaha au huzuni. Mwendo hubadilika pia: hatua huwa fupi, nyayo huburuta chini, na mkono wa upande mmoja hauning'inii ukienda mbele na nyuma kama zamani.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, lakini wapo wanaoupata mapema zaidi. Hauambukizi. Si laana, wala si kazi ya mchawi. Tena si uzee tu, kama wengi wanavyosema, na kwa kusema hivyo humnyima mzee wao nafasi ya kutibiwa.

Wengine watauliza, "Je, kwetu upo?" Upo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000, na katika habari walizochapisha mwaka 2008 walieleza kwamba waliwakuta wagonjwa 33. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao walikuwa hawajaambiwa kamwe na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Walikuwa wakiishi nao bila jina na bila dawa. Basi huenda hata katika mtaa wetu yuko mtu wa namna hiyo, naye aambiwa kila siku, "Mzee, changamka!"

2. KWA NINI HUPOTEWA NA MIZANI?

Sisi tulio wazima hatufikiri juu ya kusimama. Ukisukumwa kidogo ndani ya basi, mguu wako hutoka wenyewe na kukukinga kabla hujajua. Mwenye Parkinson hukosa msaada huo wa haraka. Tuangalie sababu tano.

(a) Mwili huinama mbele. Magoti hukunjika, kifua huingia ndani, kichwa hutangulia. Uzito wote huhamia mbele ya vidole vya miguu, na mtu huanza kukimbilia uzito wake mwenyewe kwa hatua fupi fupi za haraka, asiweze kusimama.

(b) Hatua ya kujikinga huchelewa, tena huwa ndogo. Akiyumba nyuma, badala ya kupiga hatua moja kubwa, hupiga vihatua vidogo vingi, au hapigi kabisa, akaanguka kama mti uliokatwa.

(c) Miguu hunasa. Hasa mlangoni, mahali pembamba, au anapotaka kugeuka, nyayo huwa kama zimegandishwa kwa gundi. Mwili wataka kwenda, miguu yakataa. Hapo ndipo wengi huanguka.

(d) Mawazo mawili kwa wakati mmoja humshinda. Zamani kutembea kulikuwa jambo la kujiendea lenyewe. Sasa lahitaji akili. Ukimwuliza habari za shamba anapotembea, akili yaenda shambani na miguu yabaki bila msimamizi.

(e) Wengine damu hushuka nguvu wanapoinuka ghafula kutoka kitandani, wakapata kizunguzungu.

Iko dawa iitwayo levodopa, iliyoanza kuwafaa wagonjwa katika miaka ya 1960, na mpaka leo ndiyo dawa kubwa ya ugonjwa huu. Hulegeza mwili uliokakamaa na kumpunguzia mtu uzito wa kutenda. Haifai kamwe mgonjwa kuiacha ghafula kwa shauri lake mwenyewe. Lakini hapana budi tuseme kweli: dawa hii haisaidii sana upande wa mizani. Mtu aweza kumeza dawa zake sawasawa, mkono ukatulia, na bado akaanguka. Ndiyo maana twahitaji msaada wa pili, nao ni mazoezi ya viungo.

3. MTAALAMU WA VIUNGO HUFANYA NINI?

Katika hospitali kubwa, ziwe za serikali au za mashirika ya dini, wako wataalamu wa tiba ya viungo. Baadhi yetu twadhani kazi yao ni kukanda tu mguu uliovunjika. La, kazi yao ni pana. Kwa mwenye Parkinson, mtaalamu huanza kwa kupima. Humkalisha kitini, humwambia ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku yeye akihesabu kwa saa ni sekunde ngapi zimepita. Hutazama anageuka kwa hatua ngapi. Husimama nyuma yake na kumvuta mabega kidogo ili aone atajikinga kwa hatua ngapi. (Kipimo hiki cha kuvuta msikijaribu nyumbani, chahitaji mtu aliyefundishwa kumdaka.) Huuliza pia, "Umeanguka mara ngapi mwaka huu? Ulikuwa ukifanya nini?"

Swali hilo la mwisho lina maana sana. Tafiti zaonyesha kwamba kati ya watu kumi wenye Parkinson, sita hivi huanguka walau mara moja katika mwaka, na wengi wao huanguka tena na tena. Kwa hiyo tunashauri kila nyumba yenye mgonjwa iwe na daftari dogo. Kila anapoanguka, au anapokaribia kuanguka, andikeni siku, saa, mahali, na alikuwa akifanya nini. Baada ya mwezi mmoja mtaona mambo yanajirudia: labda ni usiku akienda chooni, labda ni saa ya dawa kuisha nguvu, labda ni mlango ule ule. Daftari hilo litamfaa mtaalamu kuliko maneno mengi.

Jambo jingine la kumweleza daktari: kama mtu alianza kuanguka mara kwa mara mwanzoni kabisa mwa ugonjwa wake, katika mwaka wa kwanza, aelezwe mapema, maana yako magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson. Vile vile pelekeni dawa zote anazomeza, maana ziko dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili ambazo zaweza kumletea mtu dalili kama hizi.

4. MAZOEZI YENYEWE

Kabla ya kuanza, tushike kanuni tano. Kwanza, mgonjwa aonwe na mtaalamu ili amchagulie yanayomfaa. Pili, afanye wakati dawa yake inafanya kazi vizuri, mathalani saa moja hivi baada ya kumeza. Tatu, asifanye peke yake; mtu awe karibu. Nne, awe mbele ya kitu kizito kisichosogea, kama meza kubwa au ukuta, avae viatu vinavyoshika mguu, si ndala. Tano, zoezi liwe gumu kiasi cha kumfanya ayumbe kidogo, lakini si kiasi cha kumwangusha. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halifundishi mizani, kama vile hesabu ya 1 na 1 haimfundishi mtoto wa darasa la saba.

Zoezi la kwanza: Kuinuka kitini. Tumia kiti kigumu, kiegemee ukuta. Sogea ukae ukingoni mwa kiti. Rudisha nyayo nyuma kidogo kuliko magoti. Inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," kisha inuka. Simama wima kabisa, kisha keti polepole bila kujitupa. Anza na mara 5, uongeze mpaka 10. Wengi wanaoshindwa kuinuka hawakosi nguvu; hukosa kuinama mbele.

Zoezi la pili: Kunyoosha mwili. Simama mgongo ukielekea ukutani. Visigino viwe karibu na ukuta, makalio na mabega yaguse ukuta, na kichwa kirudi nyuma kadiri iwezekanavyo. Fungua kifua, vuta pumzi mara 5. Fanya hivi asubuhi na jioni, maana ugonjwa wamwinamisha mtu mchana kutwa.

Zoezi la tatu: Kuhamisha uzito. Simama mbele ya meza, miguu ikiwa imeachana. Peleka uzito mguu wa kulia mpaka ule wa kushoto uwe mwepesi. Kisha upande wa pili. Fanya mara 10 kila upande. Ukizoea, nyosha mkono ufikie kitu mbali kidogo upande wa kulia, kisha wa kushoto.

Zoezi la nne: Hatua kubwa. Mkono mmoja ukigusa meza, piga hatua moja kubwa mbele, kubwa kuliko unavyoona inafaa, kisha rudi. Halafu hatua kubwa kando, kisha rudi. Neno "kubwa" ndilo somo lenyewe. Ubongo wa mwenye Parkinson humdanganya kwamba hatua yake ni kubwa kumbe ni ndogo. Kwa hiyo lazima akusudie kupita kiasi ndipo apate kiasi. Hatua ya nyuma izoezwe tu mtaalamu anapokuwapo, maana ndiyo inayoangusha zaidi.

Zoezi la tano: Mguu mmoja. Ukishika meza kwa mikono miwili, inua mguu mmoja na uhesabu mpaka 10. Badilisha. Ukiweza, shika kwa mkono mmoja. Kisha kwa kidole kimoja.

Zoezi la sita: Kugeuka. Usizunguke juu ya mguu mmoja, wala usivuke mguu juu ya mwingine. Pakiwa na nafasi, zunguka kwa duara pana, kama gari linavyogeuka uwanjani. Pakiwa padogo, fikiri umesimama katikati ya uso wa saa: piga hatua kuelekea saa 3 ya saa ya ukutani, kisha saa 6, ukiinua kila mguu kwa makusudi.

Mazoezi haya yafanywe walau siku 3 katika juma, na siku nyingine mtu atembee. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaalamu akimwona mgonjwa mara moja kwa mwezi na nyumbani hakuna kinachofanyika, ni sawa na mwanafunzi asiyefungua daftari mpaka siku ya mtihani.

5. MIGUU INAPONASA

Hapa kuna jambo la ajabu. Mtu ambaye miguu yake imenasa katika sakafu tupu aweza kupanda ngazi bila shida, au kuvuka fimbo iliyolazwa chini. Kwa nini? Kwa sababu njia ya ubongo inayoendesha mwendo wa kujiendea wenyewe imeharibika, lakini iko njia nyingine, ile ya kukusudia na kufuata ishara kutoka nje. Tukimpa mgonjwa ishara ya kuona au ya kusikia, aweza kupitia njia hiyo ya pili.

Ishara ya kuona ni mistari. Pigeni mistari ya chaki au bandikeni utepe sakafuni, mbele ya mlango unaomsumbua, kila mstari uwe umbali wa hatua moja nzuri. Mwambieni avuke mstari, si atembee.

Ishara ya kusikia ni mapigo. Hesabu "moja, mbili, moja, mbili". Au piga makofi. Au imba wimbo wenye mwendo wa kupiga hatua, ule ambao kwaya huingia nao kanisani. Tena jambo hili limejaribiwa kwetu. Katika wilaya ile ile ya Hai, wagonjwa ambao hawakuwa wamepata dawa bado walizoezwa kutembea kwa kufuata mapigo ya kifaa, na katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2010 ilionekana kwamba walitembea kwa kasi zaidi na kwa hatua ndefu zaidi, hata walipopewa kazi nyingine ya kufanya huku wakitembea. Ndugu zetu hao hawakuhitaji mashine kubwa wala safari ya ng'ambo, bali mapigo tu na mtu mwenye subira.

Mguu ukinasa, mgonjwa akumbuke maneno manne: Simama. Nyooka. Hamisha uzito. Hatua kubwa. Asishindane na mguu, maana kadiri anavyosukuma mwili mbele na miguu ikabaki, ndivyo atakavyoanguka. Nasi tunaomsaidia tusimvute mikono. Kumvuta ni kumwangusha. Simama kando yake, nyuma kidogo, weka mguu wako mbele ya wake kwa kupingana, umwambie, "Vuka mguu wangu."

6. JE, MAZOEZI YANASAIDIA KWELI?

Ni vema kuuliza, maana si kila linaloitwa tiba ni tiba. Huko Oregon, Marekani, wagonjwa 195 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya Kichina yaitwayo tai chi, ambayo ni kuhamisha uzito polepole kutoka mguu huu mpaka ule. La pili mazoezi ya kutia nguvu. La tatu kunyoosha viungo tu. Walifanya hivyo mara 2 kwa juma kwa majuma 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wale wa tai chi walikuwa imara zaidi katika kusimama kuliko makundi yote mawili, tena walianguka mara chache kuliko wale wa kunyoosha viungo.

Huko Australia watu 231 walifuatiliwa kwa miezi 6, baadhi yao wakifanya mazoezi, hasa nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Hapa tusikilize kwa makini. Tukiwatazama wote kwa jumla, mazoezi hayakupunguza kuanguka kwa kiasi cha kuhakikishwa. Lakini kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado si mkali, kuanguka kulipungua sana. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umezidi, mazoezi ya nyumbani bila msimamizi wa kutosha hayakuwakinga.

Twajifunza nini? Mambo mawili. Kwanza, tusingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa kuanza mazoezi ya mizani ni siku ugonjwa unapojulikana, si siku ya kuvunjika nyonga. Pili, yule ambaye ugonjwa wake umeendelea asiachiwe karatasi ya mazoezi akafanye peke yake. Yeye ahitaji mtu wa kusimama naye kila mara. Tena tukumbuke kwamba mazoezi hayaponyi ugonjwa huu. Hakuna aliyegundua bado dawa ya kuuponya. Mazoezi humpa mtu miaka zaidi ya kwenda kwa miguu yake mwenyewe, na hilo si jambo dogo.

7. NYUMBANI NA KANISANI

Tuanze nyumbani. Ondoeni mikeka na mazulia yaliyokunjamana njiani. Kizingiti kirefu kipunguzwe, au kipakwe rangi ya kung'aa. Mahali pa kuogea pawe pakavu, pawekwe kiti cha kuogea na mti imara wa kushika ukutani. Kama choo kiko nje, njia yake isafishwe mawe, na usiku pawe na taa au tochi karibu na kitanda. Wengine huona afadhali kuweka ndoo yenye mfuniko chumbani. Kanzu na kanga zisiburute. Anapoamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu mpaka 30, ndipo ainuke. Asibebe sufuria ya uji huku akitembea. Mikono yake iwe huru. Kuhusu bakora au kigari cha kutembelea, amwulize mtaalamu, maana kifaa kisichomfaa chaweza kumkwaza.

Sasa kanisani. Ibada yetu ni ya kuketi, kusimama, kupiga magoti na kwenda mbele, na kila moja ni mtihani kwake. Tufanye nini? Wazee wa kanisa wamwekee nafasi mwisho wa benchi, karibu na njia na si karibu na mlango wenye msongamano. Asihimizwe kupiga magoti. Aketi, akiinamisha kichwa. Wakati wa kwenda kwenye Komunyo atangulie au angoje mwisho, asisukumwe na safu. Au kasisi aombwe amletee pale alipoketi. Baada ya ibada tusimzingire wote tukimshika mikono na kumwuliza habari huku akitembea. Tumwache afike mahali, asimame, ndipo tumsalimu. Wale wenye madaraka wafikirie pia mti wa kushika katika ngazi za mlangoni. Utawafaa wazee wote.

Tunamjua mzee mmoja aliyeacha kuja ibadani kwa miezi mingi. Watu walisema amepoa imani. Kumbe alikuwa akiogopa ngazi tatu. Vijana wawili walipokubali kumngoja kila Jumapili, mmoja kando yake na mmoja nyuma, wakihesabu "moja, mbili" naye, alirudi. Ngazi ni zile zile, na ugonjwa ni ule ule.

Neno moja kwa jamaa. Upendo wetu wakati mwingine hufanya haraka. Twamwona mama akihangaika kuinuka, nasi twamnyanyua. Twamwona baba akichelewa kuvaa shati, nasi twamvisha. Kesho yake na keshokutwa ni vivyo hivyo, mpaka viungo vinasahau. Mpeni muda. Kama aweza kuinuka kwa kuhesabu mpaka tatu, hesabuni naye. Msaada ulio bora ni kuwa karibu na kungoja.

8. AKIANGUKA

Msimwinue papo hapo. Mwacheni atulie, mwulizeni anaumwa wapi. Kama aumwa nyonga, au mguu mmoja waonekana mfupi au umegeukia nje, au aligonga kichwa na haelewi vizuri, msimsogeze ovyo. Tafuteni gari afikishwe hospitali. Kama hana maumivu, mwelekezeni ajigeuze ubavu, ajiinue kwa mikono na magoti, atambae mpaka kwenye kiti kigumu, aweke mikono juu ya kiti, alete mguu mmoja mbele, kisha ajisukume juu na kuketi. Ni vema kuyajaribu haya mapema, siku ambayo hajaanguka, mtaalamu akiwapo. Mtu ajuaye kwamba akianguka ataweza kuinuka, hofu yake hupungua nusu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini dawa peke yake haitoshi kumkinga mwenye Parkinson asianguke?
2. Tofauti ni nini kati ya kumwambia mgonjwa "tembea" na kumwambia "vuka mstari"?
3. Kwa nini ni vibaya kumvuta mikono mtu ambaye miguu yake imenasa?
4. Tembeeni katika jengo la kanisa letu, kutoka barabarani mpaka madhabahuni. Mwenye Parkinson atapata shida mahali gani? Andikeni mahali patatu, na mpeleke orodha kwa wazee wa kanisa.
5. Je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyeacha kutoka nyumbani, nasi hatujui sababu? Ni nani atakwenda kumwona juma hili?

Swali la tano lisijibiwe kwa mdomo. Tuchague watu wawili wawili katika Umoja wa Akina Mama na katika vijana, waende. Wakikuta mtu anayetembea kwa hatua fupi, aliyeinama, asiyechezesha mkono mmoja, wasimpe jina la ugonjwa wao wenyewe, maana hiyo ni kazi ya daktari. Lakini waongozane naye mpaka hospitali, na waulize kwa jina mahali pa tiba ya viungo.